Mtumba, used, kuukuu au iliyokwishatumika: neno lipi linafaa wapi?

Anayeuza friji Igoma, anayetafuta mashine ya mtumbwi Kirumba, na mwanafunzi anayetafsiri bango la afya la zahanati, wote watatu wanakutana na neno moja la Kiingereza: "second-hand". Kwa Kiingereza neno hilo linawatosha wote. Kwa Kiswahili tuna maneno manne au matano mahali hapo, na kila moja lina habari yake. Ukichukua lisilofaa, mteja atakimbia bure, au atakuja akitarajia kitu ambacho huna. Mimi kazi yangu ni kuandika na kutafsiri matangazo hapa Mwanza, na sijaona neno linalowasumbua wauzaji na wanafunzi kama hili. Nimeyapanga hapa yatazamane, ili kila mtu achukue linalomfaa.

Tuanze na Waingereza wenyewe wanasema nini. "Second" ni wa pili, "hand" ni mkono, na kistari katikati kinayafunga yawe sifa moja. Sifa hiyo inasema jambo moja tu: kitu kimeshapita kwa mwenyewe mwingine kabla yako. Haisemi kama kimechoka au ni kizima, kama kimetoka Ulaya au Nyakato, kama kina mwaka mmoja au 30. Kitabu kilichonunuliwa dukani jana, kisifunguliwe hata ukurasa, leo kikiuzwa na yule aliyekinunua, kwao tayari ni "second-hand". Maneno yetu hayajatulia hivyo. Moja linatazama kitu kimetoka wapi, jingine linatazama kikoje leo, jingine linatazama tu kwamba kiliwahi kutumika. Ndiyo maana kabla ya kufungua kamusi inafaa ujiulize mnunuzi wako, au msomaji wako, anataka kujua nini hasa.

Mtumba

Kabla ya kuwa nguo, mtumba ulikuwa mzigo: bunda la vitu, hasa nguo, lililofungwa tayari kwa kubebwa. Maana hiyo bado imo kwenye kamusi, na ukifika soko la Mlango Mmoja utaiona kwa macho, kwa sababu biashara nzima inaanzia kwenye belo lililokazwa kwa mikanda, ambalo mnunuzi wa jumla analilipia kabla hajaona kilichomo. Huku kwetu pamba ya Usukumani inaondoka imefungwa marobota, na nguo zinatujia zimefungwa mabelo. Jina lililobaki midomoni mwa watu ni la mzigo wenyewe.

Kwa hiyo neno mtumba limebeba habari mbili ambazo "second-hand" haina: kitu kimetumika nje ya nchi, na kimeingia kwa shehena. Shati alilolivaa kaka yako miaka miwili kisha akakupa halijawa mtumba. Ni shati la kaka, na Kiingereza kina neno lake la pekee kwa nguo za namna hiyo zinazoshuka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, "hand-me-down".

Kwa nguo, viatu, mikoba na mashuka yaliyotoka nje, acha kutafuta neno jingine. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipokubaliana kuondoa nguo na viatu hivi sokoni ifikapo 2019, Marekani ikaja juu kwa kutishia kuondoa unafuu wa biashara wa AGOA, sheria yake iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa unafuu huo kwa upande wa mavazi. Nyaraka za Kiingereza za mvutano ule zilikuwa na "used" na "second-hand" kila mahali. Kwa Kiswahili habari ile ilifika ikiwa na neno moja, mitumba, na hakuna aliyeuliza maana yake, awe profesa wa uchumi au mama anayeuza sweta Makoroboi. Neno linaloeleweka hivyo halihitaji kusafishwa kwa kuandika "mavazi yaliyotumika ughaibuni".

Wapo wanaoona haya kuliandika. Zamani nguo hizi ziliitwa "kafa Ulaya", yaani mwenye nguo amekufa huko ndipo imetufikia, na jina lile lilikuwa na dharau ndani yake. Leo vijana wanaouza mitandaoni wanakimbilia "thrift" na "vintage". La kwanza kwa asili yake ni kubana matumizi, na Marekani ndilo linalotumika kwa maduka ya nguo zilizotolewa na wenyewe, kwa hiyo halijaenda mbali na ukweli. La pili lina sharti zito zaidi: kitu kiwe cha zamani, na uzamani huo ndio uwe thamani yake. Koti la miaka ya 1970 lililoshonwa vizuri linastahili. Fulana iliyoshonwa miaka mitatu iliyopita haistahili, na mnunuzi anayejua Kiingereza atakushangaa.

Siku hizi neno limevuka nguo. Tunasikia friji la mtumba, godoro la mtumba, baiskeli ya mtumba, cherehani ya mtumba. Na katika vyombo hivi limegeuka kuwa sifa njema, kwa kuwa watu wengi wanaliamini friji lililotumika Uingereza kuliko jipya la bei rahisi ambalo kiwanda chake hakijulikani. Hapo ndipo penye kosa ninaloliona mara nyingi. Mtu ametumia friji lake mwenyewe Buhongwa miaka minne, limepigwa na umeme wa kukatika na kurudi, halafu anaandika "friji la mtumba linauzwa". Kwa Kiingereza angekuwa sahihi kabisa kusema "second-hand". Kwa Kiswahili amemwambia mnunuzi kwamba friji limetoka meli hivi karibuni. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na hata pasipo sheria, mnunuzi akigundua hatarudi kwako wala hatakuletea jirani yake. Andika "friji limetumika nyumbani, miaka minne, linagandisha vizuri". Linauzika.

Tahadhari moja ya haraka kwa wanaotafsiri orodha za bidhaa kutoka kwa wauzaji wa nje: nguo za ndani zilizotumika zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango, TBS. Ukizikuta kwenye orodha, mwambie mwenye mzigo kabla hujamtafsiria tangazo lake.

Iliyotumika na used

Mtaani "used" limeshinda, na sababu yake ni ya kisarufi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Halihitaji kupatanishwa na ngeli. Gari used, viatu used, simu used, mageti used, yote sawa. Lenzake la Kiswahili linakudai kila mara: gari lililotumika, viatu vilivyotumika, simu iliyotumika, magari yaliyotumika. Anayeandika haraka kwenye simu akiwa juu ya bodaboda atachukua lile fupi, na simlaumu. Kwenye tangazo la mtandaoni au ubao wa barabarani, "used" linafaa kwa magari, pikipiki na vifaa vya umeme.

Kwenye mkataba wa mauziano, zabuni, barua ya ofisi au mtihani, chukua la Kiswahili. Lakini liandike kwa ukamilifu. "Gari lililotumika" lina kasoro moja, kwamba linamfanya msomaji asubiri maneno mengine: lililotumika kufanya nini? Taarifa za polisi zimejaa "gari lililotumika katika tukio la wizi" na "bunduki iliyotumika". Silabi mbili tu, "kwisha", zinaondoa shida yote. "Gari lililokwishatumika" halimwachi mtu njia panda. Ukipenda, "lililotumika awali" nalo linafanya kazi hiyo, ingawa masikioni mwangu lina ubaridi wa ofisi.

Kwa magari, hata hivyo, neno lolote utakalochagua halitatosha peke yake. Mnunuzi wa Mwanza anataka kujua gari limetumika wapi. Lililotoka Japan likashuka bandarini wiki iliyopita na lililokwishapanda barabara ya Sengerema na Geita miaka sita yote ni "second-hand" kwa Mwingereza, wakati kwetu ni biashara mbili tofauti zenye bei mbili tofauti. Watu wamejitengenezea njia yao ya kuyatenganisha, na mimi naiona ni ya akili sana: herufi ya namba. Kwa kuwa namba za magari binafsi zinakwenda kwa mpangilio wa alfabeti, "used, namba E" inamwambia mnunuzi kwamba gari limesajiliwa nchini baadaye kuliko la namba D. Wenye gari jipya kuingia huandika "halijatumika Tanzania".

Ila herufi inasema gari lilisajiliwa lini hapa, haisemi lilitengenezwa lini. Gari la 2005 linaweza kuvaa namba E. Na umri huo una gharama zake, kwani Mamlaka ya Mapato, TRA, hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu kwa magari yaliyozidi miaka 8 tangu kutengenezwa. Kwa hiyo chagua "used" au "lililokwishatumika" upendavyo, kisha weka mwaka wa kutengenezwa pembeni yake.

Simu zina neno lao la tatu. "Used" ni iliyotumika ikauzwa kama ilivyo. "Refurbished", ambalo wauzaji wengi huliweka kana kwamba ni jina jingine la used, ni iliyorudishwa, ikakaguliwa, ikabadilishwa kilichoharibika, ndipo ikauzwa tena. Kwa Kiswahili andika "iliyokarabatiwa", na kama hujui nani aliikarabati, rudi kwenye "iliyokwishatumika". Anayenunua yoyote kati ya hizo abonyeze *#06# apate namba ya utambulisho wa simu, kisha aitume kwenda 15090, mfumo wa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, utamjibu simu hiyo ni ya aina gani.

Kuukuu na chakavu

Haya mawili yanaeleza hali. Yanafaa pale ambapo hali ndiyo habari. Wahenga waliuheshimu ukuukuu; ndio waliosema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, kwamba kamba iliyokwisha kufanya kazi bado inaushinda ukambaa mpya. Lakini sokoni kuukuu limeshuka hadhi, na nguo kuukuu leo ni ile ya kupigia deki au ya kulimia. Usilitumie kutafsiri "second-hand" isipokuwa mwandishi wa Kiingereza alikusudia uzee wa kitu.

Chakavu ni zaidi ya hapo. Ukiandika "pikipiki chakavu inauzwa", watakaokupigia ni watu wa vyuma chakavu, wakiuliza kilo. Linafaa kwa nyavu zilizokatika, mabati yaliyotoboka, na kwa minada ambako muuzaji anataka kila mtu ajue mapema kwamba kinachouzwa kimechoka.

Mashine za ziwani

Nimeliweka jambo hili peke yake kwa sababu hapa hakuna neno hata moja kati ya yaliyotangulia linalotosha, na fedha inayopotea ni kubwa. Mvuvi wa dagaa au sangara anayenunua mashine ya mtumbwi iliyokwishatumika ana maswali mawili, na yote yako nje ya "second-hand".

La kwanza ni maji. Ziwa Victoria ni maji baridi. Mashine iliyofanya kazi baharini, iwe Tanga, Unguja au pwani ya nchi ya mbali, imepozwa kwa maji ya chumvi miaka yote hiyo, na chumvi hubaki kwenye njia za maji ndani ya injini ikila chuma na aluminiamu polepole. Kwa nje inaweza kupakwa rangi ikang'aa. Waingereza wanaouza vyombo vya majini huongeza neno la maji baridi wanapokuwa na bahati ya kuwa na mashine ya namna hiyo, kwa maana wanajua linapandisha bei. Nasi tuandike vivyo hivyo: "mashine hp 15, imetumika maji baridi tu". Na iliyotoka baharini iandikwe "imetumika baharini". Anayeficha hilo anamuuzia mwenzake kuzimikiwa katikati ya maji, usiku, mbali na Ukerewe na mbali na nchi kavu. Kwa jambo kama hilo sina neno la upole.

La pili ni mwenyewe. Mashine huibiwa ziwani, na iliyoibiwa nayo ni "second-hand" kwa maana kamili ya neno. Kwa hiyo tangazo lenye "mtumba" au "used" peke yake halijamtuliza mnunuzi mwenye busara. Kinachomtuliza ni "mmiliki mmoja, risiti ipo, namba ya mashine inasomeka".

Wapo wanaotafsiri neno kwa neno, wakaandika "mashine ya mkono wa pili". Nashauri uliache, hasa mwaloni, yaani pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa. Mfanyabiashara wa samaki akisikia mkono wa kwanza na wa pili anafikiria msururu wa wauzaji: aliyenunua kwa mvuvi mwenyewe na aliyenunua kwa wakala. Mashine mpya kabisa iliyopitia kwa wakala inaweza kusikika kuwa ya mkono wa pili, na mnunuzi akaondoka akidhani unamtajia bei ya dalali.

Pasipo biashara: habari na moshi

"Second-hand" haliishii sokoni, na hapa wanafunzi huanguka. Habari ya "second-hand" ni ile uliyoipata kwa mtu aliyeiona, wewe hukuiona. Kiswahili chake ni habari ya kusikia au ya kuambiwa. Ukiandika "habari iliyotumika" hakuna atakayekuelewa. Mahakamani jambo hili lina uzito: Sheria ya Ushahidi ya 1967 inataka ushahidi wa mdomo utoke kwa yule aliyeona au kusikia tukio mwenyewe, na ndiyo maana anayesimulia ya jirani yake huzuiwa kwamba anatoa ushahidi wa kusikia. Katika maandishi ya kawaida nachagua "ya kuambiwa", kwa sababu aliyeshuhudia mlio wa risasi naye "amesikia", na hatutaki kumchanganya na yule wa umbea.

Moshi nao. "Second-hand smoke" ni moshi wa sigara unaoingia kwa mtu asiyevuta: mtoto chumbani, abiria pembeni, mhudumu wa baa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha moshi huo kilicho salama, na kwamba watu zaidi ya milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka kwa kuuvuta. Nimekutana na tafsiri za "moshi uliotumika" na hata "moshi wa mtumba". Zinachekesha, na kicheko kinaua onyo. Bango la zahanati liandikwe "moshi wa sigara ya mwenzako" au, kwa urefu zaidi, "moshi unaovuta kwa kukaa karibu na mvutaji". Kati ya hizo mbili, kwenye bango nachukua ya kwanza. Ni fupi, inasomeka kwa mbali, na inaonyesha moshi umetoka kwa nani. Kwenye kijitabu cha kufundishia nachukua ya pili.

Ukiwa unaandika Kiingereza

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili, wakiwaandikia wateja wa nje, watalii au mashirika. "Used" na "second-hand" yanabadilishana kwenye vitu vingi, tofauti ni mazoea ya mahali. Marekani gari ni "used" karibu daima. Uingereza utasikia yote mawili, na duka la vitabu vya zamani litaitwa kwa "second-hand". "Pre-owned" ni lugha ya wauzaji wa magari ya gharama na saa. Ukiliandika juu ya meza ya plastiki, msomaji atahisi unamficha kitu.

Mtego mkubwa ni "first-hand". Mtu anasema, kama ya pili ni iliyotumika, basi ya kwanza ni mpya, anaandika "first-hand fridge". Usifanye hivyo. Neno hilo ni jozi ya "second-hand" upande wa habari tu, yaani ujuzi ulioupata kwa kuona au kutenda mwenyewe. Kinyume cha friji lililotumika ni "new", au "brand-new" kama hata kasha halijafunguliwa.

Kuhusu kistari, Waingereza wengi wanakiweka, na Wamarekani wengi huandika neno zima pamoja bila nafasi. Chagua njia moja ushike nayo hadi mwisho wa maandishi yako. Usichopaswa kufanya ni kuyaacha maneno mawili mbalimbali bila chochote katikati, kwa kuwa hapo yanageuka kuwa mshale wa sekunde kwenye saa. Na kwa anayeuza saa zilizotumika, hilo ni kosa litakaloonekana upesi kuliko yote.